Alichanjwa, Hakuchanja

Wasikilizaji wapendwa, mwangaluka. Ninyi wa Shinyanga mjini, ninyi wa Kolandoto, ninyi madereva wa Isaka mliolala juu ya matandiko ya lori mkisubiri mzigo, na ninyi wa Runzewe mnaonisikiliza karasha likisaga mawe: zimeni karasha kidogo, pandisheni redio. Ni mimi Feisal wenu, mtoto wa muuza vitenge. Babu yangu alitoka pwani, akaonja michembe, viazi vikavu vya Wasukuma, akasahau njia ya kurudi. Kwa hiyo mimi ni mtani wenu, na mtani msibani hazibwi mdomo.

Leo tunamkumbuka Mzee Stanslaus Mabula, wa kijiji jirani na Kolandoto. Mchimbaji wa zamani. Mfugaji. Mzee wa kanisa. Amefariki kwa UVIKO, ugonjwa wa kifua uliozunguka dunia nzima na kwetu haukupita mbali. Kijiji kizima kiliamini Mzee Stanslaus alikuwa amechanja. Shikeni neno langu tangu mwanzo, maana nitalirudia: Mzee Stanslaus hakuchanja. Hakuchanja hata mara moja.

Sasa tukae vizuri.

Ujana wake Stanslaus aliutumia kubeba mizigo ya reli pale Isaka. Mgongo ulikuwa mpana, akili ya kuutumia ilikuwa ndogo, ndivyo alivyokuwa akijisema mwenyewe. Siku moja akasikia Runzewe kuna dhahabu. Akaondoka na rafiki yake Doto. Wakaingia kwenye duara, lile shimo la kushuka kwa kamba, wakawa wanapasua mwamba kwa nyundo na tindo. Mwamba mkavu. Hakuna maji, hakuna barakoa, barakoa wakati huo hata jina lake halijulikani. Vumbi jeupe kama unga wa muhogo. Doto anapenda kusimulia kwamba wakipanda juu jioni, mama ntilie alikuwa hawatofautishi. Anamdai huyu wali wa yule.

Vumbi hilo waliondoka nalo. Dhahabu walibaki wanaihadithia.

Wenzao walipoanza kukohoa na kukonda, Stanslaus na Doto wakaogopa. Wakaenda kwa mganga. Mganga akawaambia, nitawachanja, kifua hakitawashika. Akatoa wembe. Akawachanja chale kifuani, akawachanja mikono yote miwili, akapaka dawa nyeusi. Simcheki mganga wala sina ugomvi na mila ya mtu. Nataka tu mlijue jambo hili sasa hivi, kwa sababu binti yake Mzee Stanslaus hakulijua, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Mzee alichanjwa chale. Chanjo ya sindano hakuwahi kupata.

Baadaye alirudi nyumbani akiwa na kifua kibovu, akamwoa Limi, akabatizwa, akawa mzee wa kanisa. Tangu siku ya ubatizo hakuvaa tena shati la mikono mifupi. Jua la Oktoba lile linalomfanya hata mbuzi atafute kiti, Mzee Stanslaus kafunga vifungo mpaka kooni. Watu wakasema, huyu ndiye mlokole wa kweli. Pale kijijini aliyejua kilichofichwa ndani ya shati ni mmoja tu, mkewe Limi. Na Limi aliapa kunyamaza.

Wakapata binti, Martina. Martina ndiye aliyenisimulia mengi ya haya, akilia hapa, akicheka pale. Ni mhudumu wa afya wa kijiji, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kuuliza watoto wamepimwa uzito na vyoo vina mlango. Chanjo ya UVIKO ilipofika, akapewa kipaza sauti. Akafundishwa nani watangulie: wazee, wenye kisukari, wenye pumu, wenye vifua vya mgodini. Martina akiwa pale semina alimwona baba yake tu. Usiku kucha baba alikuwa anakohoa nyuma ya ukuta wa udongo tangu yeye ni mtoto. Akajisemea, nikimpata baba, hata wengine wakinikataa, nimemaliza kazi.

Alimkuta uani anamenya karanga. Mama Limi yuko pembeni anapepeta mtama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, daktari. Umekuja kukagua choo?"

"Leo sikagui choo. Nakagua wewe. Baba, kuna chanjo ya kifua. Umeshachanjwa?"

"Ya kifua? Nimeshachanjwa."

Martina hakutegemea jibu rahisi hivyo. "Wapi?"

"Runzewe. Muulize Doto, tulikuwa wote."

Na kweli, muda mfupi kabla ya hapo mzee alikuwa amekwenda Runzewe kumzika mkwe wa Doto. Martina akapiga hesabu yake kichwani: chanjo imetangulia kufika kule, wazee wamepanga foleni, baba kaingia. Moyo ukatulia.

"Mkono gani?"

"Yote miwili."

"Baba na chumvi zako! Chanjo yenyewe ni sindano moja."

"Wengine tunaongezewa, kwa heshima ya mvi."

"Na cheti je?"

"Cheti changu kiko mwilini, ng'wanawane. Hakichaniki wala hakiliwi na panya."

Martina akacheka mpaka akakaa chini. Mama Limi ungo ulisimama mkononi. Akamtazama mumewe. Mumewe akaangalia karanga. Ungo ukaendelea.

Wasikilizaji wapendwa, mtaani tunasemaje? Tunasema "nimechanja". Mzee alisema "nimechanjwa". Herufi moja, W. Mwalimu wangu wa Kiswahili alikuwa akinitandika kwa herufi kama hiyo nikadhani ananionea. Martina aliuliza kwa W ya semina, baba akajibu kwa W ya Runzewe, wakaelewana vizuri kabisa, na hawakuelewana.

Je, mzee alikuwa anadanganya? Nilimuuliza Mama Limi hivyo hivyo. Akanijibu, "Baba Martina alikuwa anajua na hajui. Mtu akiamini amekingwa, hatafuti kinga nyingine."

Basi, siku ya mnada, Martina akasimama katikati ya ng'ombe na vitenge na mishikaki, akawasha kipaza sauti. Watu wanampita. Mmoja anamuuliza kama hiyo sindano inazuia kuzaa, mwingine anamwambia akajichanje yeye kwanza aote mkia. Ndipo akasema: "Mnamwona baba yangu pale? Mnakijua kifua chake? Baba yangu kachanjwa! Anakula ugali kama kawaida, na ng'ombe zake wanamtii!"

Mzee Stanslaus akanyanyua mkono kama mgombea. "Inawasha siku mbili tatu," akatangaza, "halafu unasahau!"

Watu wakaangua kicheko. Na mtu akishacheka, miguu inakuwa myepesi. Wazee wenzake wakaanza kujongea, mmoja, akafuata mwingine. Muuguzi wa zahanati, Loveness, alikuwa na boksi lake la baridi chini ya turubai. Alichanja mpaka chupa zikaisha. Foleni ile ilikuwa ya kweli, na watu wale walichanjwa kweli, kwa sindano, kwa sababu ya mzee ambaye hakuchanja.

Jioni ile Martina alimbusu baba yake mkono. Hajawahi kuwa na furaha kama ile, anasema, hata siku ya harusi yake. Siku ya harusi viatu vilimbana.

Mvua za Desemba zikaja, na homa ikaja nazo. Mzee akaanza kukohoa kikohozi ambacho si kile cha siku zote. Martina alikijua cha siku zote kama unavyoujua mlio wa mlango wa kwenu. Hiki kilikuwa kifupi, kikavu, hakimpi nafasi ya kuvuta hewa. Midomo ikabadilika rangi. Wakampakia kwenye gari la jirani mpaka hospitali.

Daktari akauliza, "Amechanja?"

"Ndiyo," Martina akasema. "Mapema kabisa."

"Vizuri. Mfungue shati nimsikilize."

Martina akafungua kifungo cha kooni. Akafungua cha pili. Mtu mzima huyu, mama wa watoto, hajawahi kukiona kifua cha baba yake. Akaona mistari. Mistari midogo myeusi, imepangwa pande mbili za kifua, na mikononi juu ya kiwiko ipo mingine, kulia na kushoto. Yote miwili.

"Baba. Hizi ni nini?"

Mzee akaisogeza barakoa ya hewa aliyovalishwa. Sauti ilikuwa imebaki ndogo.

"Si ndizo ulizoniuliza?"

Martina akamgeukia daktari. Akamwambia mchanjeni, mchanjeni sasa hivi, si ipo hapa? Daktari hakumcheka. "Chanjo ni ya kutangulia, dada. Hapa ugonjwa umetangulia."

Wakampa hewa, wakampa dawa, wakafanya yote ya kufanywa. Lakini kifua kile kilikuwa kimeshajaa mawe ya Runzewe tangu zamani. Nafasi ya kupigania haikuwepo. Mzee alipopata upenyo wa kuzungumza, alisema jambo moja: "Luka asijue."

Luka ni mzee mwenzake wa kanisa. Wamekaa benchi moja miaka na miaka, wamewaonya vijana pamoja kuhusu waganga na ushirikina.

"Sawa, baba," Martina akasema.

Ndiyo ahadi aliyompa. Mzee Stanslaus Mabula akafariki akiwa ameishika.

Msiba wa Kisukuma mnaujua, watu hawaalikwi. Walijaa. Na siku ya kuzika, Luka akasimama kumsifia rafiki yake. Alimsifia vizuri, kwa machozi ya kweli. Mwishoni akasema: "Kifua cha ndugu yetu kilishindana na vumbi la mgodi, vumbi likashindwa. Kimekuja kuangushwa na sindano. Wenye masikio na wasikie."

Mnong'ono ukapita kwenye turubai. Wale wazee waliochanjwa siku ya mnada wakaanza kujishika mikono. Wale ambao hawajachanja wakatikisa vichwa: nilisema mimi, nilisema.

Martina akasimama. Anasema miguu ilisimama kabla yeye hajaamua.

"Baba yangu hakuchanja."

Vichwa vikamgeukia.

"Binti," Luka akasema kwa upole, "si wewe uliyetutangazia mnadani?"

"Nilikosea. Baba alichanjwa chale. Za mganga. Zamani, mgodini. Ile sindano hakupata."

Hapo turubai lilivuma. Mzee wa kanisa! Chale! Mbele ya jeneza! Na kabla Martina hajaongeza neno, mama yake aliyeketi chini na khanga kichwani akanyanyua uso.

"Martina! Kaa chini. Baba yako alichanjwa. Mimi mke wake ndiye ninayejua."

Alichanjwa. Mama Limi hakusema uongo hata herufi moja. Na watu wakamwamini, nani asingemwamini mjane? Martina akakaa. Mzee akazikwa na heshima zake zote, kwaya ikaimba, shati la mikono mirefu kifuani.

Loveness aliporudi na boksi lake la baridi, hakukuta mtu. Alikaa chini ya turubai mpaka jua likamfuata kwenye kiti. Akaondoka na boksi kama alivyokuja nalo. Safari iliyofuata, vilevile. Mama mmoja mwenye kisukari alifika mpaka barabarani, akauliza kwa mbali, "Ndiyo ile iliyomuua Stanslaus?" Loveness akaanza kueleza kwamba chanjo haimwahidi mtu kutougua, bali inapunguza sana kuzidiwa na kufa, na kwamba mzee hakuipata. Mama yule alikuwa ameshageuka.

Martina akabaki na mtu mmoja kichwani. Doto. Kifua kilekile, duara lilelile, wembe uleule. Akapanda basi mpaka Runzewe. Akamkuta kando ya karasha lake, amekaa juu ya ndoo, anakohoa na kuvuta sigara kwa zamu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Pole na baba. Kaa. Kiti ni jiwe, lakini lina dhahabu ndani, usikae vibaya."

"Baba mdogo, ulichanjwa wapi?"

"Mimi? Kwani hujui? Hapahapa na baba yako. Yeye alipiga kelele kuliko mimi."

"Basi inuka, zahanati ya hapa sindano ipo. Twende."

"Iliyomuua Stanslaus?"

"Baba hakuchanja! Wewe ulikuwepo, unajua alichanjwa nini!"

Doto akazima sigara kwenye jiwe. "Ng'wanawane, habari zinafika huku. Limi kasema kachanjwa, mbele ya maiti. Nimemfahamu Limi tangu hajaolewa, hajawahi kusema uongo. Huenda baba yako aliongeza na ya sindano kimyakimya. Baba yako alikuwa na siri."

"Mama akisema mwenyewe kwamba hakuchanja?"

"Limi akisema, nakwenda. Na hizi ndala. Lakini nimsikie yeye, kwa sauti yake. Wewe umeshasema hivi, ukasema vile."

Hilo la mwisho lilimchoma Martina, kwa sababu lilikuwa haki.

Alimpigia mama yake palepale, karasha likinguruma. Mama Limi akasikiliza mpaka mwisho. "Niseme nini, Martina? Kwamba nilipika chai ya wazee wa kanisa miaka yote na chale nimezifunika mimi? Mwache baba yako alale." Akakata simu.

Kila Martina alipopita kwa mama yake, walizungumza mtama, walizungumza ndama, hawakuzungumza Doto. Halafu Runzewe ikaleta habari kwamba Doto hainuki kitandani. Martina akampelekea mama yake habari hiyo kama ilivyo, hakuongeza neno. Mama Limi alikuwa anasonga ugali. Akaipua chungu ugali haujaiva.

"Huyo mtangazaji mpiga kelele wa kule mjini," akasema, ndiyo mimi huyo, wasikilizaji, asante mama, "redio yake inasikika Runzewe?"

"Inasikika."

"Nilikana mbele ya watu. Nitasema mbele ya watu. Na Doto atanisikia."

Kumbe Doto aliyelala hivyo hakuwa tena mtu wa kuchanjwa. Martina alilijua hilo. Hakumwambia mama yake, na mimi singemwambia. Ila alijua pia kwamba karasha la Doto lina vijana na wazee waliomzunguka, wote wanangoja kuona Doto atafanya nini.

Wakaja mjini kwa basi la asubuhi. Niliwafungulia mlango mwenyewe. Mama Limi kavaa khanga ya msiba, Martina ameshika simu sikioni, na uso wake ulitosha. Doto alikuwa amefariki wakiwa njiani.

"Mama, turudi," Martina akasema.

Mama Limi alisimama pale kizingitini. Nikamletea maji. Hakunywa. Akapita, akakaa kwenye kiti cha mgeni, akauliza azungumzie wapi. Nikamwonyesha kipaza sauti, tukaenda hewani moja kwa moja. Haya ndiyo aliyosema, sijapunguza:

"Mimi ni Limi, mke wa marehemu Stanslaus Mabula. Mume wangu hakuchanja ile sindano. Alichanjwa chale za mgodini, nami nilijua. Binti yangu alisema kweli pale msibani, nikamkalisha chini. Niliona aibu. Shemeji Doto alitaka kulisikia hili kwangu. Wabeja, asanteni."

Mama Limi alipotoka hapa alimpigia Loveness, naye Loveness akamfuata nyumbani na boksi lake. Mama Limi amechanja. Kwa sindano. Majirani walitazama kutoka kwenye nyua zao, hakuna aliyevuka. Luka na mkewe hawajafika tena kumjulia hali.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wenzangu hapa studio, tunawapa pole Mama Limi, Martina na ukoo mzima wa Mabula. Tunawapa pole watoto wa Mzee Doto kule Runzewe, ambao msiba wao bado mbichi. Mungu awape nguvu. Sisi tuna maneno tu. Na wewe uliye nyumbani na mzee wa kifua, mama wa pumu, baba wa kisukari, usimuulize tu kama amechanjwa. Muulize amechanjwa nini, na nani, kwa wembe au kwa sindano. Akikutania, cheka naye, halafu muulize tena. Kisha mshike mkono muende, angali anaweza kutembea.

Jambo moja limebaki, na halinipi usingizi. Mama Limi alipomaliza kusema, alikitazama kipaza sauti, akanitazama mimi.

"Imesikika?"

"Imesikika, mama."

"Na nani?"